Shangazi, Krismasi nimebaki peke yangu na farasi 14 kwenye theluji, na mama nimemdanganya

SWALI

Shikamoo shangazi. Naomba jina langu lisitoke. Mi ni binti wa miaka 26, kwetu Marangu, nimesoma mambo ya mifugo pale SUA Morogoro, na toka mwezi wa tano niko huku Marekani, jimbo la Montana, kwenye mafunzo ya mwaka mmoja. Ranchi yenyewe iko Paradise Valley, kusini ya mji wa Livingston. Kiangazi inajaa wageni wanaokuja kupanda farasi milimani, ila baridi ikishaingia wageni hamna tena, farasi wanavuliwa viatu vya chuma wanapumzika mpaka theluji iishe. Wako 14.

Sasa wenye ranchi wameenda Arizona kwa watoto wao toka tarehe 19, wanarudi tarehe 2, na kijana tuliyekuwa tunafanya naye kazi kaenda kwao. Waliniuliza mapema kama naweza kubaki nikasema naweza, hawakunilazimisha nisije nikawasingizia, na hizo siku wanalipa vizuri. Jirani wa karibu yuko maili 4, mzee na mke wake, walisema nikipata shida niwapigie muda wowote.

Shida ni kwamba mama hajui. Si unajua kwetu Desemba ilivyo shangazi, walioko Dar, Mwanza, Mbeya, wote wanapanda mlimani, mabasi yanajaa, usiporudi uwe na sababu inayoeleweka. Mama toka mwezi wa kumi swali lake lilikuwa moja tu, Krismasi utakula na nani. Nikamwambia naenda Dallas kwa binamu. Binamu kweli alinialika, nikamwambia siji, nikamuomba asiseme. Sa hivi mama akipiga nasema nimetoka kidogo, mara netiweki mbaya, akisema nipe binamu yako nimsalimie namwambia yuko kazini. Jana kaniambia tupige picha tumekaa wote tumtumie. Sikulala.

Kwanini sikusema ukweli, ni aibu. Kaka yangu mkubwa alishaandika kwenye grupu la familia "yaani digrii yote hiyo unaenda kuzoa mavi ya farasi", watu wakacheka. Mama hakucheka ila hakusema kitu. Sasa nikisema nimeacha kwenda kwa ndugu ili nibaki na hao hao farasi si ndo nawapa maneno?

La pili nalisema kwa woga. Napenda huku. Naamka saa 12 giza totoro, jua linatoka karibu na saa 2 na kufika saa 10 na nusu jioni limeshazama. Jana asubuhi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Nakata kamba za marobota, nawatandazia majani mafungu mafungu juu ya theluji, nawahesabu wote 14, ndevu zao zimeganda barafu kila mmoja kama mzee. Halafu kimya. Kwetu hata usiku wa manane kuna maji ya mfereji, kuna mbwa, kuna redio ya jirani, huku theluji inameza kila kitu nabaki nasikia wanavyotafuna tu. Nasimama pale mpaka vidole vinauma. Usiku wa tarehe 21 nilienda na tochi mzunguko wa mwisho nikawakuta wanne wamelala chini kabisa, mmoja kanyoosha shingo kwenye theluji, na mmoja kasimama pembeni yao. Hawakuinuka. Wamenisikia nakuja, wameniangalia, wakabaki wamelala. Nikaanza kulia na wala sikuwa na huzuni. Nikirudi ndani sina hamu hata ya kuwasha simu, nakula tambi za paketi nalala. Ndo najiuliza, mtu akianza kupenda wanyama kuliko watu wake ndo kupotea kwenyewe?

La tatu, kuna farasi mzee anaitwa Duke, ana miaka 24. Toka jana hanywi vizuri. Anaenda kwenye hodhi, ni la bati na ndani kuna hita ya umeme ili maji yasigande, anashusha pua, ikigusa tu maji anarusha kichwa nyuma anaondoka, anaenda kulamba theluji. Maji hayajaganda nimeangalia. Majani anakula ila anaacha, na mavi yake leo ni vidonge vidogo vikavu. Wenye ranchi naogopa kuwapigia niwaharibie likizo kwa kitu kidogo. Nimuachie jirani farasi niende Dallas kweli? Nimwambie mama? Au ninyamaze tu mpaka tarehe 2 ipite?

Binti wa Marangu


JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na Duke. Najua ulimuweka mwisho lakini ndo hawezi kusubiri, na ndo maana nilikuandikia meseji usiku ule ule kabla ya hili jibu. Nayarudia hapa kwa sababu vijana wetu walioko kwenye mabanda ya farasi ughaibuni ni wengi, na wengi farasi hatukukua naye. Mbung'o na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vimemfanya awe mnyama wa nadra kwetu, tunamjua punda. Mimi mwenyewe nilijifunzia ukubwani, miaka sita ya kufagia banda la farasi Colorado, na baridi ya kwanza nilidhani kazi kubwa itakuwa kuwakinga na theluji. Kumbe kazi kubwa ni maji.

Farasi wa kilo 500 anahitaji kama lita 20 mpaka 40 kwa siku. Kiangazi nyingine anaipata kwenye majani mabichi, baridi anakula majani makavu ambayo maji karibu hayana, na maji yenyewe yakiwa ya barafu anakunywa kidogo. Ile nyasi kavu ikikosa maji inajazana kwenye utumbo mpana inakuwa kama donge, na farasi hana uwezo wa kutapika kama mbwa au sisi, kilichoingia lazima kipite chote. Hayo maumivu ya tumbo huko wanayaita koliki na yanaua. Vidonge vidogo vikavu ulivyoviona ni mwili unakwambia mapema. Na theluji isikudanganye, ndoo kumi za theluji laini zikiyeyuka unaweza kupata ndoo moja tu, mzee wa miaka 24 akilamba theluji kutwa nzima hajanywa kitu.

Ila kilichonishtua kwenye barua yako ni ile pua. Farasi asiye na kiu haendi kwenye hodhi. Anayeenda, akagusa, akarusha kichwa, huyo kuna kitu kimemuuma, na kwenye hodhi la bati lenye hita ya umeme cha kwanza kukifikiria ni shoti. Umeme mdogo sana ambao wewe na buti lako la mpira usingeusikia, yeye anausikia kwa sababu miguu minne iko kwenye theluji iliyolowa na pua iko kwenye maji. Ndo nikakwambia usitie mkono kujaribu, zima kwenye swichi kubwa kwanza, halafu chomoa plagi, halafu mpelekee ndoo ya maji ya uvuguvugu mbali na lile hodhi uone.

Uliniandikia asubuhi yake na nanukuu ulivyoandika kwa sababu nilifurahi sana: "Shangazi kaingiza mdomo mpaka puani hakutoa mpaka nikasikia ndoo inakwaruza chini." Ndoo nzima na nusu nyingine. Na ule waya ulikuwa umechunika karibu na plagi. Jirani kakuletea hita nyingine, wenye ranchi uliwapigia kama nilivyokusisitiza, na badala ya kukasirika wakakuonyesha namba ya daktari wa mifugo iliyobandikwa kwenye friji na wakakuambia ungewapigia siku ile ile. Kumbuka hilo mwanangu. Wenye mifugo hawakerwi na simu ya saa 5 usiku inayosema farasi wako hanywi, wanakerwa na simu ya asubuhi inayosema amekufa.

Bado usimuondolee macho. Siku mbili tatu hizi mpe maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, baridi ikiwa kali wanakunywa zaidi yakiwa hivyo. Kama kuna majani ya kukatwa vipande au ya kushindiliwa muulize daktari kisha mlowekee yawe kama uji mzito, meno ya miaka 24 hayasagi vizuri tena, na waulize wenye farasi kuhusu chumvi kidogo kwenye chakula. Weka sikio lako ubavuni kwake, nyuma ya mbavu, pande zote mbili. Unatakiwa usikie mngurumo, maji yanatembea, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ukikuta kimya, au anaparua chini kwa kwato, anageuka kuangalia ubavu wake, anataka kulala abiringike, amekataa kula, hajatoa mavi, mpigie daktari hapo hapo, ondoa chakula, na usimpe dawa yoyote ya maumivu mpaka daktari aseme. Daktari atakuuliza mapigo, akiwa ametulia ni 28 mpaka 44 kwa dakika, unayapata chini ya taya. Joto 37.5 mpaka 38.5. Ufizi uwe wa pinki na wenye unyevu. Andika kwenye karatasi uibandike hapo hapo kwenye friji.

Na kwa wote 14, nyuzi zikishuka hivyo ongeza majani, hasa ya usiku. Watu wanakimbilia nafaka wakidhani ndo inatia joto, kinachompasha farasi ni yale majani yanayochachuka kwenye utumbo wa nyuma, ni jiko lake, ukilijaza saa 3 usiku linawaka mpaka asubuhi. Mafungu yasiwe 14, weka 16, mnyonge akifukuzwa awe na pa kwenda, na huko peke yako hutaki kuingia katikati ya ugomvi wa mateke. Vua glavu uwapapase mbavu kwa vidole, manyoya ya baridi yanaficha mtu aliyekonda, wazee hasa.

Sasa wewe mwenyewe. Hicho kimya unachokipenda mimi sioni kama ni ugonjwa, na nilikaa nacho muda nikikifikiria. Farasi ni mnyama anayewindwa na wanyama wengine, ameumbwa awe tayari kukimbia. Miguu yake ina namna ya kujifunga ili asinzie akiwa amesimama, ila usingizi mzito kabisa hawezi kuupata mpaka alale chini, na halali chini asipojisikia salama. Ndo maana ukawakuta wanne chini na mmoja amesimama, yule alikuwa zamu. Wakamsikia mtu anakuja gizani na tochi, buti zinalia kwenye theluji, wakajua ni nani, wakaendelea kulala. Mtu mwenye miezi saba tu na wanyama hao, tena amesoma mifugo, anaelewa alichopewa pale hata kama hana maneno yake. Mimi ningelia pia.

Ila kuna kitu umekichanganya humo humo na nataka ukitoe. Kutokuwa na hamu ya kuwasha simu hakutoki kwenye kile kimya cha zizini. Unaogopa mama atapiga. Farasi umewapenda kabla ya Desemba, simu umeanza kuiogopa ulipoanza uongo, wewe umeona vyote vimekuja wiki moja ukadhani ni kitu kimoja. Na hizo tambi za paketi kila siku kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri hapana, kama Duke anapikiwa uji na wewe pika. Saa za jua huko ni nane na nusu tu, basi mchana saa 6 toka nje bila kazi, kaa juani, usilitumie jua lote kwenye toroli la samadi.

Kwenda Dallas sa hivi usiende. Jirani alikubali kupigiwa simu, hakukubali kulisha farasi 14, na Duke hajapona, na wewe ulitoa neno. Lakini huyo jirani mtumie vizuri zaidi. Kubalianeni meseji mbili kwa siku, saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, meseji moja tu "niko sawa", isipofika aje. Simu iweke ndani kabisa karibu na mwili kwa sababu baridi inaua betri ndani ya dakika chache ukiiacha mfuko wa nje. Huko kwako upepo ni mkali kuliko sehemu nyingi za Montana, kidole kikiwa cheupe na hukisikii ingia ndani kakipashe kwa maji ya uvuguvugu, usikisugue. Jimbo hilo ndilo lina rekodi ya baridi kali kuliko zote kwenye yale majimbo 48 ya bara, Rogers Pass, Januari 1954, nyuzi 57 chini ya sifuri. Mtu wa mlimani anaweza kudhani anaijua baridi kwa sababu ameiona Kibo kila asubuhi. Hii ni nyingine.

Mama. Mwambie kabla ya Krismasi, usisubiri tarehe 2, kwa sababu ile picha ataiomba tena na binamu yako ndo ataanza kutunga. Na usianze na hela wala na kaka yako. Nakuuliza swali moja, hapo Marangu mama ana ng'ombe wa ndani? Kama nyumba yenu ni kama nyumba nyingi za huko najua jibu. Tarehe 25 kabla ya ibada, nguo mpya zimetandikwa kitandani, mbuzi anangoja, mtori uko jikoni, nani amemkatia ng'ombe majani? Mama yako amefanya hivyo Krismasi zote ambazo wewe umeishi. Hajawahi hata siku moja kumwambia ng'ombe leo sikukuu ngoja kesho. Sasa huyo mwanamke ndo unamuogopa kumwambia kwamba umebaki kulisha mifugo ya watu ambao wamesafiri?

Mwambie hivi hivi, "Mama naomba unisamehe, nilikudanganya, siko Dallas. Niko na farasi 14, wenyewe wamesafiri, nisipokuwepo hawali." Halafu nyamaza umuache aongee. Atakasirika, na ana haki, amekuwa akimuombea mtu kwenye nyumba ambayo hayupo. Pengine atakuuliza unakula nini, mjibu ukweli. Baada ya hapo msimulie habari ya Duke na ile pua na ndoo inavyokwaruza. Usiipeleke kwenye grupu, msimulie yeye. Kaka yako kama atasikia atasikia kutoka kwa mama, na mama akisimulia kwamba binti yake alijua kuna shoti kwenye maji kwa kumuangalia farasi pua tu, maneno ya mavi na digrii hayatakuwa na pa kukaa. Kwamba hakucheka siku ile ulishaona. Mi nadhani alikuwa anasubiri wewe ujibu.

Binamu nae mpigie, muombe radhi kwa kumbebesha siri, mwambie utaenda mwezi wa kwanza wenyewe wakisharudi kama bado anakutaka.

Saa ziko hivi, nimezihesabu mara mbili. Mko nyuma ya Tanzania kwa saa 10. Mama akiamka saa 11 alfajiri kwako ni saa 1 jioni ya siku iliyotangulia, farasi wameshakula, we umeshaingia ndani. Piga hapo, kabla hajatoka kwenda bandani kwake. Na ibada ya Krismasi ikianza saa 3 asubuhi Marangu, Montana ni saa 5 usiku tarehe 24, saa yako ya mzunguko wa mwisho na tochi. Muombe mtoto yeyote hapo nyumbani mwenye simu akupigie kwaya ikianza. Weka sauti ndogo, nenda nayo zizini, mama aone theluji na hao farasi wakiwa wamelala. Waonyeshe Duke.

Halafu niandikie, tumbo lake linanguruma au vipi, na mavi ya leo yakoje.

Shangazi